Risasi Isiyo na Tundu

Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Basi wahenga hao hawakuwahi kufanya kazi katika ofisi ya mazingira. Neno moja liliandikwa na mtaalamu wa udongo, likasomwa na mkuu wa kitengo, likapitiwa na mwanasheria, likapelekwa kwa mchora mabango, na wote hao, watu wazima wenye akili zao timamu, hawakuona kitu. Bango likapigiliwa kwenye nguzo jirani na kile kiwanda kidogo cha kuyeyusha betri chakavu za magari. Herufi zilikuwa nyekundu, kubwa kama za tangazo la mechi: TAHADHARI. UDONGO WA ENEO HILI UNA RISASI KUPITA KIWANGO. WANANCHI WACHUKUE HATUA STAHIKI.

Wananchi wakachukua hatua. Walichukua majembe.

Wa kulaumiwa kwanza ni kinyozi. Duka lake linatazamana na ile nguzo, na mtu akishakaa kwenye kiti cha kinyozi, kitambaa kimefungwa shingoni, hana pa kukimbilia, atasikiliza tu. "Jamani, tumekalia silaha," kinyozi akawa anawaambia wateja wake. "Na si silaha za mchezo. Wameandika kupita kiwango. Yaani kuna kiwango cha risasi kinachoruhusiwa, na sisi tumekipita!" Mmoja akasema huenda zamani palikuwa na kambi ya jeshi. Mwingine akasema si huenda, babu yake aliiona. Mtaa wetu hauna shida ya ushahidi, ukihitajika, hupatikana.

Basi uwanja ulio nyuma ya kiwanda ukachimbuliwa. Wengine walitafuta risasi wapeleke polisi wapate sifa, wengine walitafuta bunduki yenyewe, na wengine walichimba kwa sababu jirani anachimba. Watoto nao wakawa wanasomba udongo kwa makopo. Vumbi lile lile ambalo bango lilitaka watu wakae mbali nalo likapanda, likatua kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye vyombo, kwenye nywele za watu. Na kila jioni watu wakarudi nyumbani bila hata risasi moja, wakijipanguza na kucheka.

Mama Chiriku hakuchimba. Alikuwa na kazi zake. Yeye ni fundi cherehani, na chumba chake cha mbele, kile chenye dirisha la barabarani, ndicho duka, ndicho sebule, na ndicho uwanja wa kuchezea wa binti yake wa pekee. Mtoto huyo jina lake la kwenye cheti analijua mama yake tu, maana tangu alipojua kutamka neno hakunyamaza tena, na mtaa mzima ukamwita Chiriku. Alikuwa akiongea na wanasesere, akiongea na sindano, akiongea na mguu wa cherehani. Mteja akija kuchukua gauni lake alikuwa anaondoka na gauni na habari zote za nyumbani, pamoja na zile ambazo bibi yake alidhani amezinong'ona.

Bibi huyo, mama mkwe wa Mama Chiriku, alikuja kukaa nao kwa muda mfupi, akazoea, akabaki. Mwanawe, baba wa mtoto, ni dereva wa malori ya masafa, mtu wa kusikika zaidi kwenye simu kuliko mezani. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya wanawake watatu, na wawili wakubwa walipendana vizuri kuliko kawaida ya mkwe na mama mkwe. Sababu kubwa ilikuwa usafi. Mama Chiriku alifagia asubuhi, akafagia jioni, na kabla ya kuiweka nguo yoyote ya watu kwenye cherehani aliipeleka mlangoni akaikung'uta, paa! paa! "Nimezaa mwana mmoja mpumbavu," bibi alipenda kuwaambia majirani, "lakini kuoa alijua."

Nguo zenyewe nyingi zilikuwa ovaroli za wafanyakazi wa kile kiwanda cha betri. Tindikali ilikuwa inazila viwiko na magoti, na Mama Chiriku ndiye aliyepewa kazi ya kuzitia viraka. Zilikaa kwenye kona ya cherehani, lundo zima, laini, na Chiriku alilifanya lundo hilo kitanda, duka, gari, na mlima. Mama yake alifurahi. Mtoto aliye karibu na mguu wako hajagongwa na pikipiki, hajachimba risasi na wahuni wa kinyozi.

Lakini siku hizi Chiriku alikuwa amenyamaza. Si kunyamaza kabisa. Kunyamaza kwa mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali akasahau. Alianza wimbo, akakwama katikati. Tumbo lilimuuma, chakula alikisukuma. Bibi akasema ni minyoo, akapewa dawa ya minyoo. Bibi akasema ni jicho la watu, akaombewa. Mama yake alikuwa anashona huku akisikiliza ule ukimya, na moyo wake haukuwa mahali pake. Kwa hiyo pale chekechea waliposema watu wa mazingira na wa zahanati watawapima watoto damu, alikuwa wa kwanza kutia sahihi. Hakuuliza hata wanapima nini.

Simu ikaja akiwa anakata kola.

"Mama Chiriku? Napiga kutoka zahanati. Majibu ya mtoto yametoka. Amekutwa na risasi kwenye damu, kwa kiasi kinachotia wasiwasi. Mlete leo leo."

Mkasi ukaanguka. Bibi akatoka jikoni mbio, mwiko mkononi. "Nani amekufa?"

"Chiriku amepigwa risasi!"

"Chiriku yupi?"

"Chiriku wetu, mama!"

Wote wawili wakageuka. Chiriku alikuwa juu ya ovaroli, anamlisha mwanasesere vifungo.

Hapo ndipo ungewaona. Walimvua mtoto nguo zote, wakamsimamisha dirishani kwenye mwanga. Inua mkono. Geuka. Inama. Fungua mdomo, toa ulimi. Bibi alimpapasa mgongo mfupa kwa mfupa, mama akamchambua nywele kama anayetafuta chawa. Kinyozi aliposikia kelele akaja mbio na mashine yake mkononi, na nyuma yake mteja aliyenyolewa upande mmoja. Kinyozi akashauri waangalie masikioni, maana risasi ndogo inaweza kupenya sikioni bila mtu kujua.

"Nyamaza wewe," bibi akamwambia. "Risasi si mende."

Na Chiriku, kwa kutekenywa na mikono yote hiyo, akaanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Mama yake akagundua kwamba hajakisikia kicheko hicho kwa muda mrefu, akaanza kulia, na hapo hakuna aliyeelewa tena nani ana shida gani.

Zahanati walifika wakihema. Bibi ndiye aliyeongea. "Muuguzi, mtoto tumemkagua mwili mzima, kuanzia utosini mpaka nyayoni. Hana tundu. Sasa kama imeingia, imepitia wapi?"

Pembeni ya muuguzi alikuwa amekaa mwanamke mmoja wa makamo, viatu vimejaa vumbi, kitambulisho cha serikali shingoni. Alikuwa ndiye afisa wa mazingira aliyesimamia upimaji ule. Muuguzi alitaka kucheka, huyu hakutaka. Alisimama polepole.

"Bibi, shikamoo. Mmelisoma lile bango?"

"Marahaba. Tumelisoma sote. Watu wanachimba mpaka leo."

"Wanachimba nini?"

"Risasi! Si ndivyo mlivyotuandikia?"

Afisa akajifunika uso kwa viganja vyote viwili. "Na watoto?" akauliza humo humo viganjani.

"Watoto ndio wasomba udongo."

"Mungu wangu, tumefanya nini," afisa akasema. Halafu akavuta kiti, akakisogeza kwa Mama Chiriku mpaka magoti yao yakakaribia kugusana, akamwambia taratibu: "Dada, nisikilize. Mtoto wako hakupigwa na mtu. Hiyo risasi si ya bunduki. Umewahi kuona kile kitu cha kijivu kinachotoka ndani ya betri ya gari? Kizito, laini, wanakiyeyusha pale kiwandani?"

"Kile cha kijivu?"

"Hicho hicho. Jina lake ni risasi, kwa sababu tangu zamani ndicho walichotengenezea risasi za bunduki. Neno ni moja, vitu ni viwili. Sisi ofisini tulikuwa tunawaza kimoja, nyinyi mkasoma kingine. Kosa ni letu. Vumbi la hicho kitu ni sumu. Halinuki, halionekani, na mtoto akilimeza hatemi."

Mama Chiriku aliruka yote hayo, akaenda kwenye swali lake. "Mwanangu atakufa?"

"Hapana. Kwa kiwango alichonacho, hafi. Ila hii sumu inaumiza tumbo, inapunguza damu, na inaingia kichwani, inamchelewesha mtoto kujifunza. Tukiijua njia inayopitia na tukaiziba, damu itasafika polepole, hata bila kulazwa. Ya kichwa sitakudanganya. Watoto wengi hurudi vizuri. Wengine hubaki nyuma kidogo. Wako yuko kundi gani, leo sijui. Nikijua nitakuambia, na nisipojua nitakuambia sijui."

Bibi akamtazama muuguzi. "Umesikia? Mtu wa serikali amesema sijui. Leo mvua ya mawe itanyesha."

Mvua haikunyesha. Kilichotokea ni kwamba afisa hakupanda gari kurudi ofisini. Aliongozana nao kwa miguu mpaka mtaani, akaenda uwanjani, akawaita wachimbaji wote dukani kwa kinyozi, akapanda juu ya benchi. Wanaume walisimama na majembe begani, wakimtazama kama mtu aliyekuja kuwanyang'anya urithi.

"Ndugu zangu, hakuna bunduki," akasema.

Watu wakaguna. "Hata moja?" kinyozi akauliza.

"Hata moja. Hakuna kambi, hakuna silaha. Kilichomo kwenye udongo huo ni sumu ya betri."

Sumu ya betri! Hapo kila mtu alielewa. Nani mtaani hajawahi kuona suruali iliyoliwa na maji ya betri? Nani hakukatazwa na mama yake kuigusa betri iliyopasuka? Kabla afisa hajashuka kwenye benchi, kina mama walikuwa wameshawakamata watoto mikono wanawaburuta kwenda kuwaosha, na wanaume wamesimama kando ya mashimo yao wanajitazama viganja. Kinyozi alikuwa wa kwanza kulitupa jembe. Alilitupa mbali, kama lingemuuma.

Bango lile afisa alilibandua mwenyewe, kwa kuazima nyundo. Baadaye aliwasimulia huku akicheka jinsi mkuu wake alivyong'aka kwamba risasi ndilo neno sanifu na limo kwenye kamusi, naye akamjibu kwamba kamusi haina mtoto wa kucheza pale. Bango jipya likaja: VUMBI HILI LINA SUMU YA BETRI. USICHIMBE. MTOTO ASICHEZE HAPA. MUOSHE MIKONO KWA SABUNI KABLA YA KULA. UNA SWALI? PIGA. Na namba iliyoandikwa ilikuwa ya simu yake mwenyewe, jambo ambalo naamini alilijutia, maana kinyozi alimpigia hadi kuuliza kama ndevu zinahifadhi vumbi. (Zinahifadhi.) Mtaa ukampa jina: Bibi Vumbi. Alilipokea bila kinyongo.

Mashimo yalifukiwa, malori yakaleta udongo safi wa kufunika. Watoto wote walipimwa upya. Na hapo likatokea jambo lililomnyima Mama Chiriku raha. Watoto waliosomba udongo kwa makopo, wale watukutu waliokuwa wakirudi weupe kwa vumbi, damu zao zilikuwa na sumu, ndiyo, lakini si kama ya Chiriku. Chiriku, ambaye uwanjani hakuruhusiwa hata kuchungulia, aliwazidi wote.

"Basi inatoka ndani," Bibi Vumbi akasema. "Niruhusu nipime nyumba."

Alikuja na vitambaa vidogo vyenye unyevu, kila kimoja na kifuko chake. Akapangusa kizingiti, akapangusa dirisha, akaingia chini ya kitanda, akapangusa uso wa mwanasesere, akapangusa sakafu chini ya cherehani. Mama Chiriku alisimama amejikunyata. Mgeni kukupangusia nyumba yako mbele yako, hata akiwa mpole namna gani, ni aibu.

Bibi akashindwa kuvumilia. "Nyumba hii inafagiliwa asubuhi na jioni, mimi shahidi."

"Naona, bibi. Ingekuwa chafu nisingeshangaa. Nashangaa kwa sababu ni safi," Bibi Vumbi akajibu, na kitambaa chake akakitia kwenye kifuko.

Majibu yalipotoka, angeweza kupiga simu. Alikuja mwenyewe, jua likiwa bado kali, akavua viatu mlangoni. "Dada, nina majibu. Nikuambie hivi hivi, au ungependa uwe na mtu wako?"

"Niambie mbele ya mama."

Wakakaa chini wote watatu. Bibi Vumbi hakutoa karatasi. "Kizingitini kuna kidogo. Chini ya kitanda kidogo. Pale kwenye cherehani kuna vumbi la sumu zaidi hata ya kule uwanjani."

Hakunyoosha kidole, wala macho yake hayakwenda konani. Alimwachia Mama Chiriku ageuke mwenyewe, kwa wakati wake. Na Mama Chiriku akageuka. Mtoto alikuwa amelala juu ya lundo la ovaroli, shavu kwenye mfuko wa kifua wa mtu, kifungo cha mkono wa nguo kikiwa kinywani mwake, akikinyonya.

Sasa, kinyozi ana tabia ya kuingia bila hodi. Aliingia sekunde hiyo, akasikia nusu, akaona lundo, na mdomo wake ukatangulia akili kama kawaida yake. "Ama kweli," akasema, "kikulacho ki nguoni mwako!"

Methali hiyo tunaisema kila siku, na hakuna anayefikiria nguo anapoisema. Siku hiyo iliingia ndani ya chumba ikakaa. Kinyozi mwenyewe alipoona uso wa Mama Chiriku alijaribu kuimeza, lakini methali haimezeki. Bibi akavua kandambili, na kinyozi akatoka mbio zaidi ya alivyoingia.

Mama Chiriku hakulia. Alimwinua mtoto, akamtoa kifungo mdomoni, akampakatisha bibi yake. Halafu akalikumbatia lile lundo kwa mikono miwili aende akalitupe nje.

"Usizikung'ute," Bibi Vumbi akasema. "Weka chini, dada. Tuzilowanishe kwanza."

Akakunja mikono ya blauzi yake ya kazini, akapiga magoti. Walizinyunyizia maji ovaroli zile palepale, wakazifunga kwenye mifuko. Wakaosha sakafu kwa sabuni, wakaosha kuta, wakaifungua cherehani wakapangusa mpaka kwenye meno ya magurudumu yake. Ufagio mkavu ukapigwa marufuku. Kuanzia siku hiyo ni kitambaa chenye maji tu. Bibi Vumbi akawafundisha cha kumlisha mtoto: maziwa, maharage, mboga za majani, matunda, na asikae na njaa, maana tumbo tupu huinyonya sumu haraka. Huku anaongea anasugua. Mtu wa serikali, kitambulisho kimegeuzwa mgongoni kisiingie ndooni, amepiga magoti nyumbani kwa mtu asiyemfahamu! Bibi aliposimulia habari hiyo mtaani hakuna aliyemwamini, ikabidi aape.

Na kiwandani nako Bibi Vumbi hakuwaacha. Mwenye kiwanda alinung'unika, akasema serikali inataka kumfilisi. Bibi Vumbi alirudi tena na tena, na barua mkononi na bila barua, mpaka ikawekwa bafu ya wafanyakazi na mahali pa kufulia nguo, na ikawa marufuku ovaroli kutoka getini, iwe ya kushonwa au ya kuvaliwa. Mama Chiriku alipoteza kazi ile. Alishona sare za shule badala yake, na hakuikumbuka ile nyingine hata siku moja.

Alichokumbuka ni kitu kingine. Watu wote walikuwa wema kwake, na wote walisema neno moja. Mume wake alipiga simu kutoka barabarani, kelele za malori nyuma yake: "Si wewe, mke wangu. Ni wenye kiwanda." Bibi alimwambia, "Si wewe, mwanangu. Ni mipango ya Mungu, na Mungu haulizwi." Kinyozi alikuja kuomba msamaha, akasimama mlangoni akipiga hodi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaahidi kumnyoa bure mpaka uzeeni, mwanamke mwenye misuko mpaka mabegani. "Si wewe, Mama Chiriku. Mimi mdomo wangu hauna breki." Aliwashukuru wote, na aliwashukuru kwa dhati, kwa sababu anajua mtu asiye na watu wa kumfariji ana hali gani.

Lakini akikaa kwenye cherehani mguu ulikuwa unasimama wenyewe. Alikuwa anaona asubuhi fulani, jua limepiga mlangoni, yeye anakung'uta ovaroli, paa! paa! Vumbi linaelea kwenye mwanga linametameta, na Chiriku anarukaruka katikati yake, mdomo wazi, anajaribu kuzidaka zile nyota. "Mama, nimekula moja!" Na yeye alicheka. Alimwambia kula na nyingine. Hilo hakumwambia mtu. Angemwambia nani, na kila mtu ana jibu lake mkononi?

Siku ya majibu mapya ya damu Bibi Vumbi alitokea bila kupiga simu, na safari hii alianza kutabasamu akiwa bado barabarani, ili asiwaweke roho juu. "Imeshuka! Imeshuka zaidi ya nusu. Bado haijafika tunapotaka, tutampima tena, lakini njia imezibika."

Bibi alipiga vigelegele mpaka mteja wa kinyozi akakatwa sikio. Alimbeba Chiriku juu juu akampeleka kwa majirani, kila mmoja amwone, kana kwamba sumu iliyopungua inaonekana usoni. Chiriku alikuwa anahesabu ngazi za watu kwa sauti, akikosea na kuanza upya. Chumbani wakabaki wawili.

"Asante," Mama Chiriku akasema. "Sijui niseme nini zaidi. Hukutuchoka. Watu wa ofisi huja na gari, wanaongea na gari, wanaondoka na gari. Wewe uliosha sakafu yangu."

"Ni kazi."

"Si kazi hiyo. Nataka nikuulize kitu, afisa, na naomba usinionee huruma."

"Uliza. Kuuliza si ujinga."

Akamsimulia zile nyota. Alisimulia yote, mlango, mwanga, mdomo wazi wa mtoto, na kile alichomwambia. Kisha akauliza, "Ni mimi?"

Bibi Vumbi alikuwa amefundishwa cha kumjibu mama anayeuliza hivyo. Kozi nzima wanafundishwa: mzazi asilaumiwe, mtulize, mwelekeze mbele. Mtaani vigelegele vya bibi vilikuwa vinasogea nyumba hadi nyumba.

"Ndiyo, dada," akasema. "Ilipitia mikononi mwako. Nguo ulizikung'uta wewe, na yeye alikuwa hapo akameza vumbi. Hukujua. Na wa kukujulisha tulikuwa sisi, na tulipokuja kukujulisha tukakuandikia neno lisilosema kitu. Kutojua kwako ni deni letu, si lako. Lakini umeniuliza vumbi lilimfikiaje mtoto. Lilimfikia hivyo."

Mama Chiriku akalia. Alilia kile kilio kilichokuwa kimemkwama tangu siku ya lundo, akiwa ameinamia meza ya cherehani. Bibi Vumbi hakumwambia nyamaza, hakumwambia Mungu ni mwema, ingawa ni mwema. Alikaa tu, karibu, akangoja.

Mwishowe Mama Chiriku akajifuta uso kwa kipande cha kitambaa cha sare, akapiga chafya, akacheka kidogo kwa aibu.

"Wote wananiambia si wewe," akasema. "Wananipenda, najua. Lakini kila wakiniambia hivyo nabaki na ile asubuhi peke yangu. Sasa tuko wawili. Asante, dada yangu. Mungu akulipe."

Hakuwa amewahi kumwita dada. Wote wawili walilisikia.

"Na kichwa chake?" akauliza. "Atakuwa sawasawa?"

"Bado sijui."

"Haya," Mama Chiriku akasema, akavuta kiti akakaa kwenye cherehani, akaweka shati dogo chini ya sindano. "Hiyo 'sijui' yako naiamini, maana na 'ndiyo' yako umenipa. Kaa unywe chai, tumngojee mtoto arudi."